Rimoti ya Kiyoyozi Husoma Barua Nzima: Tuliyojifunza Balad, Jeddah

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa katika kikao cha Jumamosi cha familia mpya. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, na yale yaliyochorwa ubaoni tumeyaeleza kwa maneno.

Mliokuja na watoto msiwazuie kuikaribia meza. Waya zote zilizopo hapa zinabeba umeme mdogo kama wa kuchajia simu, haurushi mtu.

Nimeombwa niseme juu ya rimoti, na najua wapo waliocheka walipoliona tangazo. Lakini katika nyumba zetu hizi za kupanga hapa Marekani, swali hili limenifikia mara nyingi. Mashine iko juu ukutani, inapoza wakati wa joto na kupasha wakati wa baridi, haina kitufe cha kuonekana hata kimoja, na rimoti haipo. Aliyehama kabla yenu aliondoka nayo, au mtoto aliitumbukiza kwenye ndoo. Mwenye nyumba anasema atalishughulikia. Wiki ya kwanza inapita, ya pili inapita, na ninyi ni wageni, hamjui mlalamike kwa sauti ya kiasi gani. Au rimoti ipo, ila bibi mwenye mikono inayotetemeka haviwezi vile vitufe, na mchana kutwa yuko peke yake ndani.

Mfano wangu nitautoa Balad, Jeddah, ambako nilikaa miaka kadhaa nikitengeneza redio na simu kabla ya kuletwa huku. Wengi wenu mna ndugu aliyefanya kazi Saudia, kwa hiyo jina hili si geni. Balad kwa Kiarabu ni mji tu. Mtu wa Jeddah akisema anakwenda Balad, ana maana ya mji wa kale, ule uliokuwa ndani ya ukuta. Aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja akiingia pale atadhani amerudi kwao: nyumba ndefu za mawe ya matumbawe, vichochoro vyembamba, mbao za nakshi. UNESCO iliuingiza mji huo katika urithi wa dunia mwaka 2014, kama ilivyofanya kwa Mji Mkongwe mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001. Madirisha yake yametokeza nje ya kuta kama vizimba vikubwa vya mbao, wanayaita rawashin. Upepo wa bahari hupenya kwenye vitundu, na aliye ndani huona njia bila kuonekana. Nyumba ya Nasseef, iliyoanza kujengwa 1872 ikamalizika 1881, ilipozwa kwa upepo huo huo.

Lakini sisi hatukuishi katika nyumba ya Nasseef. Wapangaji tulikuwa katika majengo ya saruji yaliyoizunguka, chumba kimoja familia moja, na upepo wa bahari haukujua mlango wetu. Jeddah ina joto lenye unyevu. Kule Riyadh hewa ni kavu, watu wengi huweza kutumia mashine za kupoza kwa maji, feni inayovuta hewa kupitia pedi zilizoloweshwa. Jeddah mashine hiyo haisaidii, maana hewa yenyewe tayari imelowa. Juni 2010 joto la mji huo lilifika nyuzi 52. Katika chumba cha saruji siku kama hiyo, kiyoyozi si starehe.

Jirani yangu wa ghorofa ya juu alikuwa bibi mmoja wa kwetu pwani, aliyekuja kuishi na mwanawe. Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia, na macho yake yalikuwa yamefifia. Rimoti ya kiyoyozi chao ilikuwa na vitufe vidogo kumi na zaidi, vyote rangi moja. Kila asubuhi mwanawe, kabla ya kwenda kazini, alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: aache mashine ikipoza mpaka jioni, bibi ashikwe na baridi na bili ipande, au aizime, bibi akae na joto. Alijaribu kumfundisha. Bibi alibonyeza, mashine ikaanza kutoa joto badala ya baridi, na hakujua kuirudisha. Alikaa hivyo saa mbili mpaka binti wa jirani alipopita.

Nikamwahidi kisanduku chenye vitufe vitatu, vikubwa kama vifuniko vya chupa. Cha buluu, baridi. Cheupe, feni tu. Chekundu, zima. Sasa niwaeleze jinsi kinavyofanya kazi, maana ndicho hiki kilichoko mezani, ndugu yake wa pili.

Rimoti ni tochi. Ile taa ndogo iliyo puani mwake inawaka kweli, ila kwa mwanga ambao jicho la binadamu haulioni, uitwao infraredi. Msiniamini kwa maneno. Toeni simu, fungueni kamera ya mbele, ile ya kujipigia picha, muielekezee rimoti na kubonyeza. Mnaona? Nukta ya zambarau inametameta. Kamera nyingi za simu huuona mwanga huo. Kipimo hiki peke yake kimewaokoa watu wengi fedha: taa ikimeta, rimoti ni nzima na tatizo liko kwingine, isipometa, badilisha betri kwanza kabla ya kumlaumu mtu.

Tochi peke yake ina shida. Mwaka 1955 kampuni ya Zenith ya hapa Marekani ilitoa rimoti ya televisheni isiyo na waya, Flash-Matic, iliyobuniwa na Eugene Polley. Ilikuwa tochi ya kawaida: unamulika pembe moja ya televisheni, chaneli inabadilika. Jua likipiga dirishani nalo likabadilisha chaneli. Na jua limejaa infraredi kupita rimoti zote duniani, sembuse jua la Jeddah.

Dawa iliyokuja baadaye mnaijua, nyinyi watu wa pwani. Sokoni kuna kelele, kila mtu anapiga ukelele wake, lakini muuza kahawa hapigi ukelele. Anagonga vikombe. Ule mgongano wa vikombe, kwa mwendo wake, unausikia toka mtaa wa pili, kwa sababu hakuna kingine sokoni chenye mwendo ule. Rimoti hufanya hivyo hivyo. Haiwashi taa tu. Inaiwasha na kuizima upesi mno, kwa rimoti nyingi mara 38,000 kwa sekunde moja. Kipokezi kilicho ndani ya televisheni au kiyoyozi kimetengenezwa kusikiliza mwendo huo na kuupuuza mwanga mwingine wote. Jua halimeti mara 38,000 kwa sekunde, kwa hiyo halisikiki.

Maneno yenyewe yamo katika kugonga na kunyamaza. Katika lugha moja ya rimoti inayotumika sana, iitwayo NEC, salamu ni kugonga kwa milisekunde 9, kisha kimya cha milisekunde 4.5. Baada ya hapo kila herufi huanza kwa kugonga kufupi, kama nusu milisekunde hivi. Kimya kinachofuata kikiwa kifupi vile vile, hiyo ni sifuri. Kikiwa kirefu, karibu mara tatu yake, hiyo ni moja. Zikifika herufi 32, ujumbe umekwisha. Hakuna siri nyingine. Ukiweza kupima muda wa kugonga na muda wa kunyamaza, umeisikia rimoti.

Na hiyo bodi ndogo, maikrokontrola, kazi inayoiweza kuliko zote ni kupima muda. Hii ya buluu inaitwa Arduino. Ilianzia Ivrea, mji mdogo wa Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi wasio wahandisi. Moyo wake hupiga mara milioni 16 kwa sekunde, kwa hiyo nusu milisekunde kwake ni muda mrefu, angeweza kusinzia katikati. Hii nyingine nyembamba ina ESP8266, ina na Wi-Fi ndani yake, na bei yake ni kama ya sahani moja ya chakula mgahawani. Mimi kwa kazi ya viyoyozi huipendelea hii ya pili.

Kusikiliza kunahitaji kitu kimoja zaidi: kipokezi, kidude cheusi chenye tumbo na miguu mitatu. Mguu mmoja umeme, mmoja hasi, mmoja hutoa ujumbe kwenda kwenye bodi. Mpangilio wa miguu haufanani kwa kila aina, na ukiuchanganya kidude huungua na kutoa harufu, kwa hiyo someni karatasi yake kabla ya kuchomeka. Kwenye bodi mnaweka programu ambayo watu wameshaiandika na kuigawa bure: kwa Arduino kuna IRremote, iliyoanzishwa na Ken Shirriff, na kwa ESP8266 kuna IRremoteESP8266. Unabonyeza rimoti mbele ya kipokezi, na kwenye kompyuta inatokea mistari ya tarakimu. Hayo ndiyo maneno ya rimoti yako.

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu wamejifunzia kwenye rimoti ya televisheni.

Rimoti ya televisheni husema neno moja. Ukibonyeza kuongeza sauti, inasema "ongeza", basi. Televisheni ndiyo inayokumbuka sauti ilikuwa ngapi. Rimoti ya kiyoyozi haisemi "ongeza". Kila unapobonyeza kitufe chochote, husoma barua nzima tangu mwanzo: washa, poza, nyuzi 24, feni kasi ya kati, bawa lisimame, saa ya kujizima hakuna. Kumbukumbu imo ndani ya rimoti, si ndani ya mashine, na ndiyo maana rimoti ya kiyoyozi ina kioo na ya televisheni haina. Jaribuni nyumbani. Mashine ikiwa kwenye 24, ifunike pua ya rimoti kwa kiganja na ubonyeze kupunguza mara mbili. Kioo kitasema 22, mashine haijui lolote. Achilia kiganja, bonyeza mara moja tu, mashine itaruka kutoka 24 hadi 21. Imesomewa barua mpya.

Kwa hiyo barua ni ndefu. Kuna viyoyozi ambavyo barua yao ni herufi 24 tu, kuna vya Mitsubishi vya herufi 144, na vipo vya Daikin vya 280. Mara nyingi mwishoni kuna hesabu ya kuhakiki, kama karani wa bandari anayeandika jumla ya magunia chini ya orodha: jumla isipolingana, mashine inaitupa barua yote. Ndiyo maana kijana akijaribu kubadilisha tarakimu moja kutoka 24 kwenda 25 kwa kubahatisha, mashine inamnyamazia. Ndiyo maana pia programu iliyowekewa nafasi ya ujumbe wa televisheni hukata barua ya kiyoyozi katikati. Ongezeni nafasi hiyo kabla ya kurekodi.

Mtu anaweza kuona urefu huu ni usumbufu. Kwa bibi yule ulikuwa ndio uzuri wake. Kitufe cha televisheni maana yake hutegemea hali iliyokuwapo: kile cha kuwasha ndicho cha kuzima, na asiyeona vizuri hajui amefanya lipi. Barua ya kiyoyozi haitegemei kitu. Nikirekodi barua isemayo "washa, poza, nyuzi 25, feni ya kati", basi popote mashine ilipo, imezimwa, inatoa joto, imo kwenye 18, kitufe cha buluu kitaileta pale pale. Bibi akibonyeza mara kumi, ni 25 mara kumi. Hawezi kupotea tena. Vipo viyoyozi vichache ambavyo katika barua yao "washa" na "zima" ni neno moja la kugeuza hali, kwa hiyo jaribuni kwanza: tumeni barua ile ile mara mbili, na mashine ikizima mara ya pili, mjue mna kazi zaidi.

Mtaniuliza, kama rimoti imepotea, nitarekodi nini? Balad tuliazima. Mwenye jengo alikuwa amenunua viyoyozi vya aina moja kwa vyumba vingi, kwa hiyo rimoti ya jirani kwa dakika tano ilitosha, na majengo mengi ya hapa yako vivyo hivyo. Njia ya pili ni kwamba IRremoteESP8266 inazijua tayari lugha za viyoyozi vya kampuni nyingi. Unaandika jina la aina, hali na nyuzi, nayo inaiandika barua pamoja na ile hesabu ya mwishoni, bila kusikia rimoti yoyote.

Kutuma ni kazi nyepesi kuliko kusikiliza. Unahitaji taa ya infraredi, ambayo huweza kutolewa hata kwenye rimoti mbovu, na rezista ya kuilinda. Kwa Arduino, rezista ya omu 220 ikiunganishwa moja kwa moja kwenye mguu wa bodi inatosha kwa mita moja au mbili. Kwa kuvuka chumba ongezeni transista ndogo, kama 2N2222, ili taa ipate umeme wake kutoka kwenye chaja na bodi itoe amri tu. Kisha elekezeni taa kwenye mashine. Mwanga huu haupiti ukutani, kwa hiyo hamtawasha kiyoyozi cha jirani, ila kwenye ukuta mweupe hudunda vizuri. Kwa bibi niliielekeza taa kwenye dari, na ikafika.

Umeme wake ni chaja ya simu. Katika nyumba nyingi za zamani Saudia utakuta soketi za volti 127 na za 220 chumba kimoja, na chaja ikiandikwa 100–240 haijali. Ndiyo maana kisanduku hiki nimekibeba kutoka kule na hapa kinafanya kazi bila kubadilishwa kitu.

Sasa niseme yasiyowezekana, maana vijana wakishaonja hupenda kuahidi.

Mazungumzo haya ni ya upande mmoja. Kisanduku kinasema, mashine haijibu. Kama mtu amesimama katikati, kama umeme ulikatika, kama kiyoyozi kimeharibika, kisanduku hakitajua. Kwa bibi niliongeza sensa ya joto: chumba kikipita nyuzi 29, kisanduku kinaituma tena barua ya baridi kila baada ya dakika kumi. Kuirudia hakudhuru, kwa sababu ni barua ile ile. Joto likikataa kushuka, taa nyekundu inawaka na mlio unalia ili jirani asikie. Hata hivyo mwanawe aliendelea kupiga simu saa sita mchana kila siku, na ndivyo nilivyomtaka. Msimwache mtoto mchanga au mgonjwa mikononi mwa kisanduku cha aina hii, kiwe kizuri namna gani.

Kabla ya kujenga chochote, fungueni kifuniko cha mbele cha mashine kwa upole. Nyingi zina kitufe kidogo cha dharura chini yake, kinachoiwasha bila rimoti. Usiku wa kwanza wa joto hicho kinatosha. Pia kuna rimoti za dukani zinazojua aina nyingi za viyoyozi. Balad zilining'inia kwenye vibanda kama samaki wakavu, kwa riyali chache. Ikiwa rimoti imepotea tu na kila mtu nyumbani anaona na ana vidole vizima, nunueni hiyo, bodi ni usumbufu wa bure. Na viyoyozi vya dirishani vya zamani, vyenye vifundo vya kuzungusha, havina kipokezi. Hivyo havisikii mwanga wa mtu.

Kuhusu mkataba wa nyumba, hapa ndipo napenda njia hii kuliko zote. Hamkufungua mashine ya mwenye nyumba, hamkugusa waya wa ukutani, hamkutoboa kitu. Mmefanya kile ambacho rimoti yake ingefanya. Mkihama, mnachomoa chaja na kuondoka na kisanduku chenu. Lakini ombi la rimoti liandikeni vile vile, kwa ujumbe wa simu au barua pepe, lenye tarehe, na mwonyesheni mhudumu wenu wa shirika. Kisanduku hakimwondolei mwenye nyumba wajibu wake.

Jumamosi ijayo tutajenga visanduku vinne, na nimeambiwa wazee wanne tayari wameandikishwa. Anayetaka kusaidia aje, hata kama hajawahi kushika chuma cha kuchomelea. Atakayeleta rimoti ailete na betri zake, na atuambie imewekwa kwenye hali gani. Asiye na rimoti apige picha ya karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa mashine, yenye jina la kampuni na namba ya aina, picha iliyo wazi, si ya gizani. Na vitufe, jamani, msinunue vidogo. Nendeni kwenye vitu vya michezo vya zamani, vile vitufe vikubwa vya mashine za gemu. Yule bibi vya kwanza alivikataa, akaniambia, "Mwanangu, hivi ni vya kwako, si vyangu."